Kichwa Kilichoanzwa

Wasusi wana ujanja mmoja ambao hawamfundishi mwanafunzi mpaka wamwamini. Mteja akiingia saluni akakuta foleni, usimwambie asubiri. Ataketi kidogo, atatazama saa, kisha atakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni, na hutamwona tena. Mkalishe kitini, mgawe nywele, msuke mistari miwili mitatu juu ya paji la uso, halafu mwache hapo urudi kwa yule uliyekuwa naye. Sasa hata aambiwe nyumba yake inaungua, haondoki. Nani atapita barabarani na kichwa nusu shamba nusu pori? Ujanja huo unaitwa kumfunga mteja.

Mama Vidole, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa bingwa wa kufunga. Alianza kazi na kigoda barazani na chanuo la kuazima. Sasa alikuwa na chumba kizima kinachotazama barabara, kioo kirefu, viti vya plastiki, kimoja cha kuzunguka kilichokataa kuzunguka, na msaidizi aliyepewa jina la Kimya kwa sababu hata usingizini alikuwa anaongea. Biashara ni yangu, Mama Vidole alipenda kusema, sina bosi wa kunipigia kelele. Lo! Bosi alikuwa naye, tena mkali asiyejua likizo, na kila asubuhi walitazamana kwenye kile kioo.

Maana mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Kichwa kilichoanzwa lazima kiishe, na wa kukimaliza ni nani? Akishafunga wateja wanne alasiri, naye amefungwa pamoja nao mpaka giza liingie. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, leo yuko, kesho hayuko. Kwa hiyo kitinda mimba wao, binti wa miaka kumi na mitatu aliyebaki peke yake nyumbani, akitoka shule alifungua mlango mwenyewe, akafunua sufuria mwenyewe, akala akitazamana na ukuta.

Zamani alikuwa akipitia saluni asukwe. Mama yake akimwona mlangoni anamwambia, "Wewe si mgeni mwanangu, ngoja kidogo." Kidogo hicho kilikuwa kirefu. Watu wakitania kwamba kinyozi hajinyoi, mama anacheka nao. Binti hakucheka, na baadaye akaacha kupitia.

Alasiri moja Mama Vidole alitoka mlangoni kukung'uta kitambaa. Upande wa pili wa barabara msichana wa shule alikuwa amesimama, amempa mgongo, anatengeneza mkoba wake kabla ya kuvuka. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa mistari inayoanzia sikioni na kupanda kwa mzunguko hadi utosini, imekazwa bila kuvuta ngozi. Msuko ni kama mwandiko, na Mama Vidole alitambua mkono ule mara moja. Ulikuwa wa yule mwanamke wa saluni ya ng'ambo ya barabara, anayesukia mkono wa kushoto.

"Mgala muue na haki yake mpe," alimwambia Kimya. "Yule mwanamke anajua kazi. Hebu tazama kichwa cha yule mtoto! Mama yake leo atafurahi."

Kimya akatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akastahili jina lake. Msichana akageuka, akavuka barabara, akapita mbele ya saluni na mkoba wake begani. "Shikamoo Mama," akasema, akaendelea na safari ya nyumbani.

Wateja wake wote Mama Vidole aliweza kuwajua kwa kupapasa tu, umfumbe macho ukitaka. Lakini mtoto aliyemzaa mwenyewe alimwona kisogoni akamdhania mtoto wa watu. Kilichomwuma ni hicho, si wivu, ingawa wivu nao ulikuwepo na kwa muda mfupi alitaka kuvuka barabara akagombane.

Jioni alimwuliza, "Kwa nini ulienda kule?"

"Baba alinipa hela. Nilikaa, nikasukwa, nikaondoka." Binti alisema bila hasira, macho yakiwa kwenye daftari la hesabu. Angekasirika ingekuwa afadhali. Hasira ina pa kushika.

Mama Vidole akapiga moyo konde. Kesho yake akamtangazia Kimya sheria mpya. Kichwa kisichoweza kuisha kabla ya saa kumi na moja jioni hakianzwi. Jumatatu mlango haufunguliwi. Na kumfunga mteja ni marufuku.

"Mama, utatuua na njaa!" Kimya alilia. "Wataenda ng'ambo wote!"

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi zangu ndizo hizi."

Maneno matamu, lakini wiki ya kwanza sheria ilivunjwa na mwenye sheria. Alikuja msichana mwenye safari ya alfajiri, akabembeleza, akatoa machozi, na Mama Vidole akaketi kumsuka. Alipofika nyumbani binti amelala na taa inawaka. Alisimama pale mlangoni akijiona mjinga. Ukijiwekea ahadi ukaivunja, huna hata wa kumwomba radhi.

Wiki ya pili, saa za jioni, alikuwa uani anaosha vichanuo. Aliporudi ndani akamkuta mama mmoja amejaa tele kwenye kile kiti kisichozunguka. Alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwanamke wa sauti na bangili, ambaye akikupenda anakuletea ukoo mzima. Juu ya paji lake mistari mitatu ilikuwa tayari, na Kimya amesimama nyuma yake na uzi mdomoni. Mkono umezoea, umefunga kabla akili haijakumbuka.

"Fundi, nakutaka wewe mwenyewe," shangazi alisema. "Na kesho nakuletea wasichana wote wa harusi."

Kimya akamtazama tajiri wake kwa macho ya kusihi. Ukoo mzima, Mama! Mama Vidole akaangalia saa ya ukutani, akaangalia kichwa. Kichwa kile kingemweka pale hadi watu walale. Alijua kabisa anachokipoteza.

"Samahani sana dada," akasema. "Kichwa chako hakikupaswa kuanzwa. Kosa ni letu." Na kabla shangazi hajaelewa, vidole vile vilivyompa jina vilishaanza kufumua. Alifumua mistari yote mitatu, akachana, akapaka mafuta, akamfunga kitambaa chake vizuri kama alivyokuja.

"Unanifukuza?" Macho yamemtoka pima.

"Nakuonyesha njia. Yule wa ng'ambo mlango wake bado uko wazi, na mkono wake hauna kasoro. Ukitaka mimi, njoo asubuhi, nitakupokea kwa mikono miwili."

Shangazi akaondoka na bangili zake, akisonya kutoka mlangoni mpaka kituoni. Kimya akaketi chini akashika tama. Mama Vidole akachukua kufuli.

Huyo shangazi hakurudi, wala ukoo wake. Wengine waliondoka vilevile, na kulikuwa na asubuhi ambazo Kimya alifagia sakafu isiyo na nywele. Wengine wakajifunza kuamka mapema. Saa kumi na moja kufuli ilibanwa, kuwe na mvua, kuwe na harusi.

Na msidhani binti alimrukia shingoni. Jioni za kwanza walikaa kama abiria wasiojuana. Mama hakujua mikono aiweke wapi. Akauliza, "Haya, habari za shule? Na jua hili?" Binti akamtazama. "Mbona unaniongelesha kama mteja?" Kesho yake akarudi saa ileile, akauliza vibaya tena. Kesho kutwa pia.

Msuko wa ng'ambo ukachakaa. Jumatatu moja, shule ikiwa imetoka, binti alikuja sebuleni na chanuo, akaketi mkekani katikati ya magoti ya mama yake bila kusema kitu. Mama akaanza kufumua. Alipofika nyuma ya sikio, kidole kikagusa kovu, refu kama kiganja cha mtoto mchanga, limeshapona zamani.

"Hili la lini?"

"Mwaka jana. Nilianguka shuleni, wakanishona. Nilikuja saluni nikakuambia, nikiwa na bandeji chini ya kofia. Ulisema pole, ukaendelea kusuka."

Vidole vikasimama. Mama Vidole alilia, na hakuona haja ya kuficha. Kisha akajifuta kwa kiganja.

"Nisimulie tena. Siku ile sikukusikia."

Binti aligeuka akamtazama, kama anayepima. Halafu akaegemea goti la mama yake, akaanza. Kulikuwa na mvua siku hiyo, na ngazi za darasa zilikuwa zinateleza.