Gunzi Ndani ya Taruma

Mimi ni fundi wa reli hapa Kisian. Tundu la msumari likilegea kwenye taruma, ile mbao inayobeba reli, naliziba kwa kigingi cha mti mgumu, kisha napigilia msumari upya. Jana vigingi viliniishia. Nikakumbuka nyumbani chupa za pombe tunaziba kwa gunzi la mahindi na hazivuji. Nikaziba kwa gunzi, nikapigilia, nikapaka lami.

Tangu hapo sikukalika. Chai ilinishinda. Treni ya Butere ilikuwa njiani, na mama mkwe wangu yumo ndani.

Kabla haijafika, mnyapara wetu, Mzee Odhiambo, akaja kukagua. Akavuta msumari kwa vidole viwili, ukatoka na gunzi lake. Akalinusa mbele ya wenzangu wote.

“Bwana fundi,” akauliza polepole, “hapa tunafunga reli ama chang'aa?”