Sikio la Mtani Wangu

Mimi darasa la nne sikulimaliza. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike aliporudi likizo kutoka chuo cha ufundi wa mawasiliano, akiwa na kompyuta na kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye antena, nilitembea mtaa wetu wa Chemchem wote kifua mbele utadhani nimesoma mimi.

Akanionyesha sebuleni. Kidude kile, alisema, hakitumi chochote, kinasikiliza tu. Saa za mkononi, spika, vitu vyote vinavyoongea na simu kwa karibu bila waya, muda wote vinaita hewani: nipo hapa, nipo hapa. Kidude kinanasa, kompyuta inasoma. Kwenye kioo rangi zikawa zinashuka kama mvua, na pembeni yake majina ya vifaa.

"Na wenyewe wanajua?"

"Hawajui, mke mwenzangu. Ndiyo maana mwalimu wetu anasema ukisikia, nyamaza."

Hilo nililisikia vizuri. Naliandika mapema nisije nikajitetea kwamba sikuambiwa.

Jumamosi jumuiya ilisali kwangu. Baada ya sala, watu wakinywa chai na matobolwa ya viazi vitamu vikavu, nikamwambia mjukuu alete mashine yake wauone uzao wangu. Tukaona spika ya jirani, tukaona saa ya katekista, watu wakashangaa. Kisha mjukuu akakitazama kitu kimoja na kukifunika kioo nusu. Nikamng'ang'ania. Akaninong'oneza kwamba ni kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, kimo humu ndani, na tafadhali bibi.

Mimi sikuhitaji kuambiwa ni cha nani. Mtani wangu, ambaye ndiye mwanzilishi wetu wa nyimbo, miezi ile alikuwa akifunga kilemba mpaka shingoni.

Yeye ni Mgogo, mjane wa mtu wa reli. Babu zetu Wanyamwezi walipita kwao na mizigo vichwani kwenda pwani, wakatozwa ushuru wa hongo kwa maji ya kunywa, na tangu hapo tunatukanana bila kugombana. Kwenye msiba wa mume wangu alijilaza kwenye mkeka wangu akasema haondoki mpaka apewe ubwabwa. Nikacheka, na nilikuwa na siku tatu sijacheka. Basi nilijua kwa mtani hakuna kuficha wala kununa.

Nikapaza sauti. "Kumbe Mgogo masikio yamekwisha. Hongo yote mliyotutoza visimani, leo mnanunulia masikio ya betri."

Wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote. "Yaliharibiwa na kelele zenu mkipita na mizigo," akasema. Lakini mkono wake ulipanda kwenye kilemba ukakaa hapo hapo, na chai yake hakuimaliza.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila kifaa. Nilijua alipoanzisha wimbo: alianza juu mno, tukashindwa kumfuata, naye asisikie kwamba anaimba peke yake. Ubeti mzima. Watu wakatazama miguu yao. Wiki ya pili yake nyimbo akapewa mwingine, na mtani akakaa mlangoni akitabasamu kwa kila alichoambiwa, hata alipoambiwa habari ya msiba.

Nilirudi jikoni nikakaa kwenye kigoda, sikupika. Utani unacheka kinachoonekana: njaa ya mtu, ubahili wake, kabila lake. Mimi nilikwenda kuchokonoa alichokifunika kwa kitambaa. Na mjukuu wangu, niliyekuwa nikijivunia, alikuwa hanitazami usoni.

Nikabeba chupa ya asali nikaenda kwake. Nilimkuta uani anabangua karanga. Nikasogea karibu kabisa na kilemba chake.

"Mtani, nimekosa."

"Sisikii."

"Nimekosa, juu ya sikio lako."

"Sema kwa nguvu. Mimi kiziwi, si ulitangaza mwenyewe?"

Wanawake waliokuwa bombani walikuwa wanatutazama. Nikasema kwa nguvu. Akaniashiria bado. Nikapiga kelele, mimi bibi mwenye wajukuu tisa, nimekosa, nilimwaibisha mwenzangu mbele za watu, mpaka wale wa bombani wakatua ndoo. Mtani akafungua asali, akalamba kidole.

"Mmetia maji," akasema. "Wanyamwezi." Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kumuuliza.

Jumamosi jumuiya iliposali kwangu tena akaja, kilemba mpaka shingoni, akakaa mlangoni. Kabla ya sala mjukuu aliinama sikioni kwangu. Nikisema neno tu, alininong'oneza, angeweza kuchungulia kwenye kompyuta kama kifaa cha mtani kimewashwa. Nilitaka kujua kama mwenye kiu anavyotaka maji.

"Ipeleke chumbani," nikanong'ona.

"Mnanong'ona nini huko?" akauliza mtani kutoka mlangoni, akiwa anatazama nje.

Nikatazama miguu yangu.