Asubuhi Saba za Kamba ya Mgomba

Nilipokuwa bado nang'oka meno ya utoto, nyumbani kwetu Gashonga aliletwa mbwa ambaye meno yake nayo yalikuwa ya utoto, mimi nikapewa kazi ya kumlea. Maman alimtoa Bukavu, alikokuwa akipeleka maharage kila wiki. Mteja wake mmoja alimpa kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, akamwelekeza kwa Kifaransa: akiuma mtu, mwambie "Lâche!", yaani achia. Kifaransa cha Maman kilikuwa cha sokoni tu. Alifika nyumbani akatangaza, "Anaitwa Lashi."

Basi ikawa Lashi. Nikimpelekea chakula, "Lashi!" Akining'ata kisigino kwa vile vijino vyake vya sindano, nalia, "Lashi! Lashi we!" Naye, maskini, akisikia anaitwa, anafurahi, anaongeza. Mikono yangu ilijaa mikwaruzo na pindo la kitenge cha Maman lilichanika mara mbili. Nilimpenda hivyo hivyo, nikampenda hadi nikakosa hamu ya kula asipokuwa karibu.

Siku alipomng'ata mdogo wangu kidole hadi damu ikatoka, Papa aliweka randa yake chini. Alikuwa seremala, mtu asiye na kelele, na akiweka randa chini sote tulijua kuna neno.

"Siku ya soko Maman atamurudisha," alisema. "Hii imbwa haiko ya kukaa na batoto."

Nililia vibaya sana. Bibi, mama yake Papa, alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua maharage. Hakuinua hata macho.

"Mungoje kwanza," alisema. "Bado ana meno ya utoto. Ni nusu yetu, nusu ya bazimu. Njo maana analuma, hajajua ni wa nani."

Akatueleza namna ya kumjua. Kwa asubuhi saba, kabla jua halijachomoza, kitoto kinazungushwa nyumba nzima kwa kamba ya mgomba mkavu. Kamba ikimaliza siku saba, mbwa ni wa nyumba. Ikikatika, bazimu, yaani mizimu ya waliokufa, wamemvuta upande wao, na mwenye kumng'ang'ania ataleta msiba ndani. Papa alikuwa mtu wa kanisa kila Jumapili, lakini alikuwa mtoto wa Bibi pia.

"Sawa, Mama. Saba. Ikikatika, anaenda."

Jioni ile ile Bibi alinisikia nikipiga kelele uani. Akaniita.

"Weye, akikuluma unamuita ju ya nini?"

"Simwiti, Bibi. Ninamkataza."

"Na chakula, unamuitaka namna gani?"

"Lashi."

Bibi alicheka hadi maharage yakamwagika. Tangu hapo, akiuma niliambiwa niseme "Oya!", hapana ya Kinyarwanda, mara moja, mkono utulie, kisha nimpe mgongo, mchezo umekwisha. Badala ya vidole vyangu alipewa gunzi la hindi atafune apendavyo. Siku ya tatu alianza kusita kabla ya kuuma. Wallahi, hata angeandika jina lake nisingefurahi vile.

Kamba ilikuwa shida nyingine. Asubuhi ya kwanza aliketi chini akanitazama kama mgeni aliyekosewa adabu. Nikataka kumvuta. "Acha!" Bibi akaninong'oneza. "Kamba ikikaza, simama. Ikilegea, tembea." Tukasimama, tukatembea, tukasimama. Ukungu wa kwetu asubuhi unameza kila kitu, huoni jiko, huoni banda la mbuzi, unasikia matone tu yakidondoka kwenye majani ya migomba. Nilitembea kama niliye bado usingizini, kamba nyepesi mkononi, na nyakati nyingine nilihisi kuna mwingine anatembea upande wa pili wa Lashi, kimya, akingoja zamu yake. Sikuogopa sana. Bibi alikuwa nyuma yangu, nikisikia kandambili zake.

Siku ya saba tulikuwa tumefika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, wakati kwale aliporuka ghafla toka majanini. Lashi akachomoka. Tap! Kamba ikakatika.

Hakukimbia. Alisimama hatua mbili mbele, kipande kikining'inia shingoni, akitazama ndani ya migomba. Upande wa mbele, mlangoni, Papa alikuwa anatungoja.

Bibi naye alitazama migomba, muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akapiga magoti kwenye umande, akaunga zile ncha mbili, akalificha fundo chini ya manyoya ya shingo. Mikono ilimtetemeka hivi kwamba alirudia mara tatu.

"Bibi, imekatika," nikasema.

"Nyamaza, mwanangu. Wa kuulizwa ni mimi."

Tukatokea mbele. Papa akaitazama kamba, akamtazama mama yake, akasema, "Haya. Imbwa ni yetu." Nikamkumbatia Lashi, nikalia tena, safari hii kwa raha.

Siku ile Bibi hakula. Kwa wiki nyingi aliamka alfajiri akaenda migombani peke yake na kibakuli cha mtama, akirudi na kibakuli kitupu. Mtu akikohoa ndani ya nyumba, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kitandani kwake. Hakuna msiba uliokuja. Lashi akazeeka kwetu, mpole, mwoga wa mvua.

Miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kwa kicheko. Nilikuwa nasema, mwaona ujanja wa wazee? Kamba dhaifu, ili mtoto ajifunze kutovuta. Watu wanacheka, wanasema Bibi alikuwa mwalimu. Hata mimi niliridhika na maelezo hayo, maana yalinifanya nionekane nimesoma.

Sasa magoti yangu nayo yanalia nikiinama, na ninaikumbuka ile mikono. Mtu anayefanya ujanja hatetemeki. Bibi aliamini kila neno alilotuambia, aliwaona bazimu wamesimama pale migombani wakimngoja Lashi, na alijua msiba utaanzia kwa nani. Aliamini, na bado akalifunga fundo.