Unga wa Baba Mdogo

BABA MDOGO KARUDISHIWA UFUNGUO WA FOKLIFTI! Leo asubuhi, mbele ya ghala zima, na meneja mwenyewe ndiye kamkabidhi. Naandika vidole vinagongana kwa furaha, ngoja niwaeleze vizuri.

Naishi kwa baba mdogo. Kazini wanamwita Breki, maana miaka kumi na moja anapandisha maboksi kwenye rafu kwa hiyo mashine na hajagonga hata ndoo. Kile kiti kimemmaliza mgongo, na kitambi kimemletea. Pombe hajawahi kuonja. Au ndivyo tulivyojua.

Miezi miwili nyuma wafanyakazi wote walipimwa damu. Yake ikaja na vimeng'enya vya ini vimepanda mara tano ya kawaida. Meneja akanyoosha mkono.

"Ufunguo, Breki. Mashine haiendeshwi na mtu wa chupa. Shika ufagio mpaka damu ikae sawa. Isipokaa, nampa mwingine."

Akaapa hanywi. Nani amwamini? Nyumbani pakawa kituo cha polisi.

"Hebu nisalimie tena," mama mdogo anamwambia akirudi.

"Habari za hapa."

"Sogea karibu."

"Mke wangu, unanisikiliza au unaninusa?"

"Vyote viwili."

Mimi nikawa nampeleleza kimyakimya. Kila asubuhi anajifungia jikoni, nasikia kijiko kinagonga glasi, halafu anaiosha mwenyewe. Baba mdogo, anaosha glasi. Nikasema hapa kuna jambo.

Nikamnong'oneza mama mdogo. Tukapekua, nyuma ya mtungi wa gesi tukakuta kopo lisilo na jina, ndani unga wa kijani unanuka kama majani yaliyolowa. Aliporudi akalikuta mezani.

"Hiki nini?" mama mdogo akauliza.

Akalivuta kopo upande wake.

"Baba mdogo, kuna pombe ya unga siku hizi?" nikamuuliza.

"Ni unga wa kupunguza kitambi," akasema, sauti imeingia tumboni. "Ghalani wananiuliza kama mimi ndiye nabeba mzigo au mzigo ndio unanibeba. Kinyozi akaniuzia. Majani matupu."

"Na daktari aliyekupima ulimwambia?" mama mdogo akauliza.

"Aliuliza dawa. Nikamwambia situmii dawa. Dawa ni za mgonjwa, mimi mnene tu."

"Na vidonge vya mgongo unavyomeza je?" nikadakia.

"Vile si dawa, vile vya mgongo."

"Na vya mafua?"

"Vya mafua."

Nikaenda kwenye koti lake. Pakiti mbili, moja nyekundu, moja ya bluu. Nikapiga picha yale maandishi ya sisimizi, nikayakuza kwenye simu. Zote mbili, parasetamoli, dawa ileile ya maumivu. Kumbe tangu kabla ya kupimwa mtu alikuwa anameza dozi juu ya dozi, anadhani kila pakiti ina kazi yake.

Mama mdogo bado kakunja uso. "Unaweza kunywa vyote hivyo na pombe juu," akasema. Akavitia kwenye mfuko wa plastiki, tukaenda wote kwa daktari.

Daktari akavimwaga mezani. "Mzee, hapa kila kitu ni dawa, hata haya majani. Ini ndilo linavishughulikia. Likielemewa, vile vimeng'enya vinavuja kwenye damu, hata kwa asiyekunywa."

"Kwa hiyo hanywi?" mama mdogo akadakia.

"Mama, hilo siwezi kuapa. Inaweza kuwa unga, inaweza kuwa vidonge kuzidi. Aache unga, pakiti hizi aziweke pembeni, mgongo nitampa cha kutumia kwa kipimo. Wiki sita, tupime tena."

Wiki sita baba mdogo anafagia na mama mdogo ananusa. Hata mimi, nisiseme uongo, nilishafungua chupa yake ya maji mara mbili.

Jana majibu yakatoka. Vimeshuka vyote, kawaida kabisa. Leo meneja kaisoma ile karatasi, kaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu kimefichwa, kaisoma tena. Ndipo akatoa ufunguo mfukoni.

"Kitambi kipo palepale, Breki."

"Kipo, bosi. Lakini ini langu safi."

Mama mdogo jioni hii kamnusa tena mlangoni. Eti mazoea.

Kama kuna mtu wenu anaenda kupimwa ini, mtumieni hii, aende na mfuko wa kila anachomeza.