Masika Wawili

Enzi zetu mwalimu hakuulizwa diploma. Ilitosha awe mkubwa kidogo kuliko wanafunzi wake. Nilikuwa na miaka kumi na mitano shule za Butembo zilipofungwa kwa sababu ya vita, na akina mama wa jirani wakaniletea watoto wao nyuma ya jiko letu, katikati ya moshi na harufu ya maharagwe. Ubao wetu ulikuwa mlango wa zamani uliosuguliwa unga mweusi wa betri zilizokwisha. Vijana wanaofundisha leo, simu ikizimika nusu saa tu, wanalia kwamba kazi imewashinda!

Nilikuwa na wanafunzi watatu, kila mmoja na shida yake. Kambale alichukia hesabu. Masika wa kwanza, aliyekimbia kutoka Eringeti, alisoma vizuri, ila pikipiki ikipita alijificha chini ya benchi. Masika wa pili alikuwa hasikii, na tulizungumza naye kwa ishara tulizojitungia. Kwetu binti wa kwanza huitwa Masika, kwa hiyo ukiita jina hilo sokoni watageuka kumi.

Siku ya kwanza mama wa huyu asiyesikia aliniambia, "Mwalimu, huyu hasikiake kitu. Njo mumoja tu niko naye. Umuangalie muzuri."

Hakuwa na mtoto mwingine, na tangu hapo roho yangu haikutulia. Nilifundisha jicho moja likiwa kwenye ubao, jingine barabarani.

Asubuhi moja risasi zikalia karibu na soko. Nikapiga kelele, "Mukimbie!" Tukajitupa ndani ya migomba, tumbo chini, kwenye matope. Nikaita kama nilivyozoea kuita darasani.

"Kambale!"

"Niko!"

"Masika!"

"Niko!"

Nikashusha pumzi. Ilipita dakika nzima kabla sijatazama uso wa aliyeitika. Alikuwa Masika wa Eringeti. Yule mwingine nilikuwa nimemwacha ubaoni, ametugeuzia mgongo, anaandika.

Nilirudi nikiomba Mungu kwa sauti. Nikamkuta amekaa kwenye benchi, mikono ameikunja, chozi limemkaukia shavuni. Hesabu zote alikuwa amezimaliza. Alininyooshea kidole ubaoni nimsahihishie. Nikamtupa mgongoni, nikakimbia naye.

Tulikutana na mama yake njiani, amepoteza kitambaa cha kichwa. Akanishika mikono miwili. "Aksanti, mwalimu. Njo weye uliniokolea mutoto."

Nikainamisha kichwa. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikampa.

Leo walimu wa watoto wasiosikia wanasomea kazi yao, wana vitabu na ishara zinazojulikana, nami nafurahi kwa ajili yao, japo wivu kidogo upo. Wakikosea, somo hurudiwa kesho. Mama Masika amezeeka sasa. Kila tukikutana huwaambia watu kwamba ni mimi niliyemrudia mwanawe chini ya risasi, na mpaka leo sijamwambia ni nani aliyemwacha.