Filimbi Chini ya Paa la Maktaba

Raili Kontturi aliifagia maktaba ya mji mmoja wa nchi ya baridi kwa miaka ishirini na sita, karibu yote chini ya taa za umeme. Jengo, lililojengwa miaka ya 1950, lilikuwa na madirisha matatu ya duara paani, lakini yalipoanza kuvuja yalifunikwa kwa bati. Kiangazi kilichopita mafundi waliyafungua, wakatia vioo vipya. Siku ya kwanza jua lilipogusa sakafu, Raili aliona vumbi ambalo hakuwahi kulijua, akacheka peke yake.

Januari theluji ilianguka siku tatu mfululizo, ukumbi ukarudi gizani. Asubuhi ya nne watoto wa chekechea walikuwa zuliani wakisomewa hadithi na mwalimu wao, Raili akasikia nyayo juu. Alikuwa Veijo, mwondoa theluji, aliyepanda huko kila majira ya baridi. Lakini mazoea yana tabu: alilolijua ni paa la zamani.

Kuna aliyemwambia kuhusu vioo vipya? Koleo lake la chuma la kuzolea theluji lilikwaruza, likasogea. Kwenye dirisha la kati, juu ya vichwa vya watoto, ukatokea mstari wa mwanga.

Raili alimnong'oneza mwalimu awasogeze watoto ukutani, sasa hivi, kisha akatoka bila koti. Barabarani alisimama mlinzi anayezuia wapita njia wasiangukiwe na theluji, filimbi shingoni. Kwa watu wa paani, mlio mrefu maana yake ni simama ulipo. Raili hakuomba. Aliivuta filimbi pamoja na shingo ya mlinzi, akapuliza hadi kifua kikauma.

Koleo likanyamaza.

"Nani anachezea filimbi?" Veijo aliuliza kutoka juu.

"Mimi, Raili. Usipige hatua. Umesimama juu ya dirisha."

"Dirisha gani tena, bibie? Paa hili nimelikanyaga kabla wewe hujashika ufagio."

"Wakati huo lilikuwa bati. Sasa ni kioo, na chini kuna watoto. Lala kifudifudi, urudi kama uko kwenye barafu nyembamba."

Kutambaa kwenye barafu nyembamba ya ziwa kila mtu wa pale hufundishwa utotoni. Kisha wakasikia koti likiburuzika, taratibu, taratibu.

Veijo alishuka ngazi uso umepauka. Hakushukuru, aliomba ufagio laini. Raili alimpa wake, akamhesabia hatua kutoka bomba la moshi hadi kila dirisha.

Raili aliporudi ndani, Veijo akiwa paani tena, duara la mwanga lilikuwa likifunguka zuliani, na watoto wakitaka kulikimbilia.

"Bado," alisema, akatega sikio mpaka nyayo za Veijo zilipolipita dirisha la kati.