Enkapabo wa Koko

Juzi hapa Lilongwe nilisimama kwenye geti la jirani, nikimwogopa mbwa wake. Jirani akanituliza kwa Kiingereza: huyu ni "incapable" wa kuuma. Nilicheka mpaka akadhani namdharau mbwa. Anisamehe jirani yangu. Neno hilo ndilo lililonilea.

Kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi nilikokulia, bibi yangu, tuliyemwita Koko, alilitamka kwa Kifaransa, enkapabo, kama walivyolitamka kwao Bukavu, Kongo, na lilikuwa tusi la mtu asiyeweza lolote. Asiyejua kuwasha makaa, enkapabo. Aliyemwaga maji akitoka kwenye pampu, enkapabo. Nikitwanga sombe, yaani kisamvu, majani yakaruka nje ya kinu, sauti yake ilinifikia juu ya mlio wa cherehani yake: "We enkapabo, ata sombe inakukimbia?" Cherehani hiyo ilikaa mlangoni, ikinuka mafuta na vitambaa vipya, na Koko alikwisha kuniahidi: siku masomo yatakaponishinda, nitakaa hapo nishone kola za sare za wenzangu.

Nami nilipenda shule kuliko hata wali wa Krismasi. Mwalimu wetu alikuwa Mmalawi mwenye kicheko cha kuchelewa, aliyejua Kiswahili cha kununulia nyanya tu. Akiuliza kama tumeelewa, darasa zima liliitikia ndiyo. Mimi nilisema hapana, kwa sababu sikuwa nimeelewa.

Siku ya wazazi alinisimamisha mbele ya watu, akatangaza kwa Kiingereza kwamba mtoto huyu ni incapable wa kusema uongo. Koko, ndani ya kitenge chake cha kanisani, alidaka neno moja tu katika sentensi nzima. Akainuka, akanishika mkono, tukaondoka. Kesho yake sare yangu ilibaki msumarini, nami nikashinda nakata nyuzi, machozi yakidondokea kola za watu.

Jioni mwalimu akaja. Jirani yetu, mzee wa Kindu aliyeuza samaki wakavu, akasogeza kigoda asikilize. Koko hakuinua macho.

"Mwalimu, unatukana mtoto wangu mbele ya bantu, alafu unakuja kunisalimia?"

Mwalimu akaeleza, mimi nikatafsiri. Kwamba yuko "unable", ambaye hawezi leo kwa sababu ameumia mguu, na kesho atacheza mpira. Na yuko incapable, ambaye kitu chenyewe hakimo kabisa ndani yake. Na kisichokuwamo ndani ya mtoto huyu ni uongo.

Koko akasimamisha gurudumu la cherehani. "Sasa we njo mwenyewe unajitafsiria sifa zako? Nani atakuamini?"

"Mupime, mama," mzee wa samaki akasema. "Kama hajui kudanganya, tutaona."

Koko akanigeukia. "Sombe ya jana ilikuwa aje?"

Hakuna kitu alichojivunia kama sombe yake. Jibu la kumfurahisha nililijua.

"Ilikuwa na chumvi mingi, Koko. Tulikunywa maji usiku yote."

Mzee akainama akicheka. "Njo vile, mama. Na mi uliniletea sahani. Nilinyamaza juu ya heshima."

Koko alikuwa wa mwisho kucheka, lakini ndiye aliyecheka sana. Kisha akaishusha sare msumarini, akatia makaa kwenye pasi.

Tangu hapo neno lilimharibikia. Mtu akimkatia kitambaa vibaya, alianza "enka..." halafu akatabasamu, akatafuta tusi jingine na kulikosa. Likabaki langu peke yangu, la kuniitia chakula.

Koko tumemzika kulekule, na chumba chetu wanakaa watu wengine. Mjini huku nasifiwa kwa maneno mazuri, nami naitikia zikomo, asante ya huku. Lakini hajabaki mtu wa kuniita enkapabo, nikaacha kila nilichoshika, nikakimbia kwenda kula.